Deni la Taifa na uchumi wa Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Juni, bajeti zinaposomwa Dodoma na kwenye Baraza la Wawakilishi Chukwani, maswali ya deni hujaa barazani, kwenye makundi ya simu na hata matangani. Yafuatayo ni yale yanayojirudia zaidi, na majibu ya mtu ambaye kazi yake ni hesabu, si siasa. Msimamo wangu sitauficha: tunabishana mno juu ya ukubwa wa deni, na hatuulizi vya kutosha limekopwa kwa sarafu gani, linalipwa lini, na kile kilichojengwa kwa fedha hizo kinaingiza nini.

Deni la Serikali na deni la Taifa ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa hata magazeti huyachanganya. Deni la Serikali ni lile ambalo Serikali yenyewe imekopa, ndani na nje ya nchi. Deni la Taifa ni hilo hilo ukijumlisha na fedha ambazo sekta binafsi inadaiwa nje. Hadi Machi 2025 deni la Serikali lilikuwa shilingi trilioni 107.7 hivi; karibu trilioni 73 ni za nje, na karibu trilioni 35 ni za ndani. Ukisikia mtu anataja tarakimu kubwa zaidi kwa kipindi hicho hicho, huenda amejumlisha na ya sekta binafsi. Muulize kwanza kabla hamjagombana.

Zanzibar inakopa yenyewe, au inakopewa?

Kwa mikopo ya nje, inakopewa. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inaorodhesha mambo ya Muungano, na mikopo na biashara ya nchi za nje imo. Kwa hiyo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) haiwezi kufunga safari peke yake kwenda Washington au Beijing ikarudi na mkataba. Mkopeshaji anaitambua Jamhuri ya Muungano, Waziri wa Fedha wa Muungano ndiye mwenye kalamu, kisha fedha huja Zanzibar kwa makubaliano baina ya Serikali mbili. Ndani ya nchi mambo ni mengine: SMZ hukopa kwa jina lake, kwa mabenki, kwa mifuko na kwa wananchi.

Mfano unaojulikana ni jengo la abiria la Terminal III pale uwanja wa Abeid Amani Karume. Lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Kazi ilianza 2011, ikasimama kwa muda, na abiria wameanza kulitumia kiasi cha miaka kumi baada ya jiwe la kwanza. Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Jengo lililochelewa haliingizi ada ya abiria hata senti moja, lakini mkataba wa mkopo una tarehe zake, na tarehe hazisubiri fundi. Mradi mzuri ukichelewa miaka mitano unaweza ukageuka mradi wa hasara bila ya mtu kuiba chochote.

Ile asilimia 4.5 inayotajwa kila kero za Muungano zinapozungumzwa ni jambo jingine. Hiyo ni mgao wa Zanzibar katika misaada ya kibajeti na gawio la Benki Kuu, si kipimo cha mikopo ya miradi.

Kuna matokeo ya mpangilio huu ambayo hayasemwi sana. Vipimo vyote vya uhimilivu wa deni, yaani uwezo wa nchi kulibeba na kulilipa, hupigwa kwa Jamhuri nzima. Uchumi wa Zanzibar ni sehemu ndogo ya uchumi huo, kwa hiyo visiwa vinaweza kubanwa na madeni yake mpaka mishahara ikasumbua, na bado taarifa ya Taifa ikasoma kwamba deni ni himilivu. Tarakimu haidanganyi, ila haikupigwa kwa ajili yetu.

Fedha za UVIKO zilikuwa msaada au mkopo?

Mkopo. Swali hili huulizwa na watu wazima wenye akili zao timamu, na si kosa lao, kwa sababu kwenye mabango ziliitwa "fedha za UVIKO-19" tu, kama vile zimedondoka kutoka mbinguni.

Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliidhinisha dola milioni 567.25 kwa Tanzania, zilizofika kama shilingi trilioni 1.3. Zanzibar ilipata shilingi bilioni 230, yaani zaidi ya asilimia 17, mgao mkubwa sana ukilinganisha na idadi ya watu wetu, ambao kwa sensa ya 2022 ni 1,889,773 kati ya 61,741,120. Fedha hizo zimejenga skuli za ghorofa, hospitali za wilaya kumi na ile ya mkoa pale Lumumba, miradi ya maji, na boti za wavuvi na wakulima wa mwani.

Sasa tuufungue mkataba. Theluthi moja ya mkopo ule, dola milioni 189, haina riba, na kurejeshwa kwake kunaanza baada ya miaka mitano na nusu hadi kufikia mwaka wa kumi. Theluthi mbili, dola milioni 378, ni mkopo wa muda mfupi zaidi ambao hurejeshwa kati ya miaka mitatu na robo na miaka mitano. Ukihesabu kutoka 2021 utaona kwamba sehemu kubwa inaangukia 2024 hadi 2026. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza kwenye skuli mpya hajamaliza hata msingi, na mkopo uliojenga darasa lake unakuwa umeshalipwa kwa sehemu kubwa, kwa fedha ambazo yeye hajaanza kuzizalisha.

Kwa hiyo kujenga skuli kwa mkopo lilikuwa kosa?

Sisemi hivyo. Wakati ule wageni walikuwa wamepungua sana, na darasa lenye watoto mia moja si darasa. Ninachosema ni kwamba skuli inazaa matunda baada ya miaka 15, kwa hiyo mkopo unaoifaa ni wa miaka 30, kama ile ya IDA, mfuko wa Benki ya Dunia wa nchi maskini, yenye ada ndogo. Mkopo wa miaka mitano unafaa kwa kitu kinachoanza kuingiza fedha mwaka wa pili. Tatizo la nchi nyingi zilizozama si kukopa kwa ajili ya vitu vibaya. Zilikopa kwa muda mfupi kwa vitu vizuri vya muda mrefu.

Deni linapunguzaje kasi ya ukuaji wa uchumi?

Kwa njia kadhaa, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni ya moja kwa moja. Shilingi ikishaingia Mfuko Mkuu, malipo ya deni ndiyo ya mwanzo kutoka. Halafu mishahara. Kinachobaki ndiyo maendeleo na matengenezo. Kwa hiyo deni likikua, hutasikia kwamba mdai hakulipwa. Utaona barabara ya Wete ina mashimo na dawa zimekwisha kituoni. Matengenezo hukatwa kwanza kwa sababu bomba lisilotengenezwa halipigi kelele mwaka huu. Litapiga kelele mwaka wa tatu, na gharama yake itakuwa maradufu.

Ya pili ni mabenki, na hii ndiyo inayomgusa mfanyabiashara wa Darajani bila yeye kujua. Tuseme ana duka la vifaa vya ujenzi, anataka milioni 20 alete bati na vigae kabla ya msimu. Benki inamtaka hati ya nyumba, vitabu vya hesabu vya miaka, barua ya sheha, bima, halafu inamtoza riba ya asilimia 16 na bado ina wasiwasi. Upande wa pili ipo hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yaani hati ya kuikopesha Serikali, ambayo iliwahi kutoa kuponi (riba yake ya mwaka) ya asilimia 15 na kitu. Haina wasiwasi, haihitaji afisa wa mikopo kwenda kukagua duka. Wewe ungekuwa meneja wa benki ungemchagua nani? Wachumi hueleza hali hii kwa maneno mengi, ila kwa ufupi Serikali imemsukuma mfanyabiashara nje ya foleni. Duka halikui, vijana wawili hawaajiriwi, kodi hailipwi, na Serikali inakopa tena kufidia kodi iliyokosekana.

Ya tatu ni malimbikizo. Serikali iliyobanwa haisemi "sitalipa", inachelewesha. Mkandarasi amemaliza kazi, mhandisi ameweka saini, karatasi ya madai imepelekwa wizarani. Inakaa. Mkandarasi hawalipi wenye magari ya mchanga na kokoto, wenye magari hawamlipi wa mafuta, na mama anayewapikia mafundi chakula cha mchana anaambiwa asubiri mwezi ujao. Malimbikizo haya yana riba pia, ila riba yake hulipwa na mtu asiyekopa. Mimi naiona hii kuwa mbaya kuliko mkopo wa Benki ya Dunia, na ndiyo inayozungumzwa kidogo.

Ya nne ni hofu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wachumi akina Paul Krugman na Jeffrey Sachs walieleza kwamba deni likipita uwezo wa nchi kulipa, wawekezaji huanza kuona kila faida ya kesho kama kodi ya kesho kutwa. Basi hawawekezi leo. Hata mageuzi mazuri hayapati msukumo, maana matunda yake yataliwa na wadai. Nchi nyingi za Afrika zilikaa katika hali hiyo kwa zaidi ya muongo, na Tanzania ilikuwemo.

Kuna kiwango ambacho ukikivuka umekwisha?

Watu wanapenda sana namba moja ya kuokoka nayo. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti uliosema kwamba deni likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, ukuaji unashuka sana. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliushika kama msahafu, wakakata matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walifungua jedwali lile kwenye kompyuta wakakuta kuna nchi zilizoachwa nje ya hesabu kwa kosa la fomula. Baada ya kusahihisha, nchi zenye madeni makubwa zilikua polepole zaidi kuliko nyingine, hilo lilibaki kweli, lakini ule mporomoko wa ghafla pale 90 haukuonekana.

Kwa nchi kama yetu vipimo vinavyotumika na IMF na Benki ya Dunia ni vingine. Thamani ya sasa ya deni lote la Serikali, yaani malipo yake yote ya mbele yakipigwa kwa thamani ya leo, isizidi asilimia 55 ya pato la taifa. Ya deni la nje isizidi asilimia 40 ya pato la taifa na asilimia 180 ya mauzo ya nje. Malipo ya deni la nje kwa mwaka yasizidi asilimia 15 ya mauzo ya nje na asilimia 18 ya mapato ya ndani. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imejiwekea asilimia 50. Tanzania imekuwa chini ya ukomo wa deni lote, na hatari yake hupimwa kuwa ya wastani.

Ukiniuliza mimi, vile viwili vya malipo ya kila mwaka ndivyo vya kuvikodolea macho. Pato la taifa halilipi deni. Deni hulipwa kwa kodi iliyokusanywa na kwa dola zilizoingia.

Mbona Japani inadaiwa zaidi ya mara mbili ya uchumi wake na haijaanguka?

Kwa sababu inadaiwa yeni, na sehemu kubwa inadaiwa na Wajapani wenyewe, kwa riba ndogo kabisa. Sisi theluthi mbili hivi ya deni letu la nje liko kwa dola za Marekani, na dola hatuzichapi.

Ni kweli deni hilo hilo linaweza kupungua na kuongezeka kwa wakati mmoja?

Kweli. Chukua nchi yenye uchumi wa trilioni 100, deni la trilioni 40, na riba ya wastani ya asilimia 5. Mwaka ukimalizika, kama haikukopa zaidi ya kufidia riba, deni ni trilioni 42. Uchumi ukiwa umekua kwa asilimia 6, ni trilioni 42 juu ya 106, yaani asilimia 39.6: mzigo umepungua. Ukiwa umekua kwa asilimia 2 tu, ni 42 juu ya 102, asilimia 41.2: mzigo umeongezeka. Trilioni ni zile zile. Ndiyo maana waziri na mpinzani wake wanaweza wote kusema kweli kwenye kikao kimoja.

Hapo pia utaona kwamba uhusiano ni wa pande mbili. Deni kubwa hupunguza ukuaji, na ukuaji mdogo hukuza deni. Anayekwambia kwa uhakika kipi kilianza, mwambie alete mchoro wake.

Dola ikipanda inatuhusu nini sisi tunaolipana kwa shilingi?

Inatuhusu sana. Mwaka 2022 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Katika 2024 ilifika karibu 2,700. Deni la dola milioni 100 lilikuwa shilingi bilioni 230. Likawa bilioni 270 bila Serikali kukopa dola moja ya ziada. Bilioni 40 zimetoka hewani, na zitalipwa kwa kodi ya mchele, simu na bodaboda.

Zanzibar ina mlango wa kuingizia dola kuliko mikoa mingi: wageni. Mwaka 2024 walipita 736,000. Wengi husema, basi sisi tuko salama. Nakubali nusu. Mwaka 2019 wageni walikuwa kama 538,000. Mwaka 2020, ndege ziliposimama, walishuka hadi kama 260,000. Mkopo haukupungua nusu mwaka ule. Halafu si kila dola inayolipwa Nungwi au Paje inafika Zanzibar. Chumba kimelipiwa Ulaya, nyama na mvinyo vimeagizwa nje, faida imerudi kwao. Ukisoma kwamba mapato ya utalii ni kiasi fulani, jiulize kiasi gani kililala hapa japo usiku mmoja.

Wazee wanajua hadithi hii kwa jina jingine. Miaka ya 1970 karafuu iliijaza Zanzibar fedha za kigeni mpaka tukawa na televisheni ya rangi kabla ya majirani zetu wote. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zao za karafuu. Walipanda mikarafuu yao, ikazaa, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Pemba, ambako sehemu kubwa ya karafuu inatoka, wanakumbuka foleni za mchele na sukari zilizofuata. Hatukuwa na deni kubwa la kutisha wakati ule. Tulikuwa na zao moja.

Mikopo ya ndani si ndiyo bora, maana fedha zinabaki hapa hapa?

Ina faida zake: haiyumbishwi na dola, na riba inaingia mifukoni mwa Watanzania. Mwananchi wa kawaida anaweza kununua hatifungani ya Serikali kupitia Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja, ingawa mabenki na mifuko ya pensheni ndio wanunuzi wakubwa. Lakini ni ghali kuliko mkopo nafuu wa nje, ni ya muda mfupi zaidi kwa wastani, na inamsukuma yule mwenye duka la bati niliyemtaja juu. Hakuna mkopo usio na upande wa pili.

Riba ni haramu. Sukuk imekuja kutatua hilo, au ni jina tu?

Swali la uhalali waulizeni masheikh. Mimi nitajibu la hesabu. Zanzibar ilizindua sukuk yake mwaka 2025. Katika sukuk mnunuzi hakopeshi kwa riba, bali anashiriki katika mali au mradi maalumu na kupata sehemu ya kinachozalishwa. Hilo lina manufaa moja ambalo hata asiye Muislamu anapaswa kulipenda: Serikali inalazimika kuonesha mradi ni upi. Hatifungani ya kawaida inaweza kumezwa na matumizi ya jumla na usijue ilikwenda wapi.

Lakini tusijidanganye. Mwisho wa muda Serikali inatakiwa irejeshe mtaji, na kila kipindi itoe gawio. Mchambuzi anapopima uwezo wa Serikali kulipa, ataiweka sukuk kwenye safu ile ile ya madeni.

Kwa nini Serikali inakopa ili kulipa deni? Si ndiyo kuchimba shimo kufukia shimo?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na kwa mtu wa kawaida ni kweli, maana atazeeka na atakufa. Serikali haitegemewi kufa. Deni linaloiva hulipwa kwa deni jipya karibu duniani kote, na hakuna ubaya kama jipya ni la riba ndogo au muda mrefu zaidi. Ubaya unaanza pale jipya linapokuwa ghali kuliko la zamani.

Jirani yetu Kenya ametuonesha. Mwaka 2014 aliuza hatifungani ya dola bilioni 2 kwa riba ya chini ya asilimia 7, ya kulipwa kwa mkupuo Juni 2024. Siku ilipokaribia masoko yalikuwa yameshachafuka, na Februari 2024 ikabidi akope dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 ili anunue sehemu kubwa ya ile ya zamani. Shilingi yao ilipata nafuu. Ila miezi michache baadaye Muswada wa Fedha wa 2024 ukaja na kodi mpya, vijana wakaingia barabarani, damu ikamwagika, na Rais William Ruto akauondoa.

Ni nchi gani tuiangalie zaidi?

Wengi hutaja Zambia, iliyoshindwa kulipa Novemba 2020, na Ghana, iliyositisha malipo Desemba 2022. Mimi kwa Zanzibar naitazama Sri Lanka: kisiwa, kinaishi kwa wageni, kinauza viungo na chai, kinaagiza mafuta yake yote. Mwishoni mwa 2019 Serikali yao ilipunguza kodi kwa kiasi kikubwa ili watu wafurahi. Mashambulizi ya Pasaka ya mwaka huo yalikuwa yameshawafukuza watalii, na janga la 2020 likamalizia. Mwaka 2021 ikapiga marufuku mbolea za viwandani ghafla, mavuno yakaanguka. Huku hatifungani za dola zikiendelea kuiva. Aprili 2022 ikatangaza kusitisha malipo ya deni la nje. Foleni za petroli zilikuwa za siku kadhaa, Julai Rais Gotabaya Rajapaksa akakimbia nchi, na uchumi ukasinyaa kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka ule. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingeiangusha.

Kila mtoto anayezaliwa Zanzibar anadaiwa kiasi gani?

Gawa trilioni 107.7 kwa watu wa sensa ya 2022, utapata kama shilingi milioni 1.74 kwa kichwa. Hesabu ni sahihi na maana yake ni ndogo. Mtoto huyo huyo ana sehemu yake katika bandari, barabara na mitambo ya umeme, na hakuna anayeigawa hiyo kwa vichwa. Pia sehemu ya deni la ndani anadaiwa na mfuko wa pensheni wa babu yake.

Si tuliwahi kusamehewa? Kwa nini tusisubiri tena?

Tulisamehewa. Baada ya hali mbaya ya miaka ya 1980, mwaka 1986 Rais Ali Hassan Mwinyi, mtu wa kwetu, alikubaliana na IMF, shilingi ikashushwa thamani na biashara ikafunguliwa. Deni likaendelea kuwa zito hata hivyo. Mpango wa kuzipunguzia nchi maskini madeni ulianzishwa 1996, na Tanzania ikafikia hatua ya mwisho Novemba 2001, ikapunguziwa kiasi cha dola bilioni 3 kwa miaka iliyofuata. Kuanzia 2006 ukaja msamaha mwingine wa mashirika ya kimataifa. Ada za skuli za msingi zilikuwa zimeondolewa Tanzania Bara 2001, na nafuu ile ilisaidia kulipa walimu na madarasa.

Wakati ule wadai walikuwa wachache na wanajuana: serikali za Magharibi, Benki ya Dunia, IMF. Leo wamo China, mabenki ya biashara na wanunuzi wa hatifungani waliotawanyika dunia nzima. Zambia ilihangaika kwa miaka zaidi ya mitatu kuwakalisha meza moja. Kusubiri si mpango.

Kwa nini mjadala wa deni ni mkali hivi kisiasa?

Kwa sababu anayekopa anakata utepe, na anayelipa ni mwingine. Desemba 2021 Spika Job Ndugai alihoji hadharani mwenendo wa kukopa. Rais Samia Suluhu Hassan akamjibu hadharani pia, na Januari 2022 Ndugai akajiuzulu. Ungetegemea tukio kama hilo lituachie mjadala mzito wa masharti ya mikopo. Lilituachia mjadala wa nani ni wa nani.

Je, nchi isikope kabisa?

Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua jibu. Waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani karibu miezi mitatu: samaki wakioza, visima vya maji vikisimama, majenereta yakila faida yote ya hoteli. Waya mpya uliokuja 2013 tulijengewa kwa msaada wa Marekani, na wa Pemba wa 2010 kwa msaada wa Norway. Kama isingepatikana misaada, kukopa kwa ajili ya waya ule kungekuwa na maana kuliko kukaa kiza. Na misaada siku hizi inapungua.

Mwananchi aangalie wapi kama anataka kufuatilia?

Benki Kuu ya Tanzania hutoa mapitio ya uchumi kila mwezi, yana sura ya deni na sura ya Zanzibar. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali Zanzibar huwasilishwa kila mwaka. Ruka utangulizi, nenda kwenye malimbikizo na miradi iliyochelewa. Mwakilishi wako akija jimboni, usimuulize deni ni kiasi gani. Muulize mkopo wa mradi huu wa hapa kwetu unaanza kulipwa mwaka gani, kwa sarafu gani, na kutoka fungu gani. Akijua, mshukuru. Asipojua, mpe nafasi akaulize wizarani, na siku ya pili mkumbushe.

Mkopo wangu wa SACCOS au kikoba unaingia kwenye deni la Taifa?

Hauingii. Lakini hoteli ya pwani iliyokopa benki ya Ulaya, mkopo wake unaingia katika deni la Taifa, upande wa sekta binafsi, ingawa Serikali haiulipi. Serikali itauhisi pale hoteli itakaponunua dola za kulipia, siku ile ile ambayo na yenyewe inazitafuta.